Jina la mteja likitakwa: kwa mdomo, kwa agizo la polisi, au kwa amri ya mahakama

Ombi la kwanza la taarifa za mteja nililowahi kupokea lilikuja kwa simu, jioni, nikiwa juu ya paa la nyumba moja Mpendae nafunga antena. "Mwanangu, hebu nitizamie, ile intaneti ya nyumba ya nyuma ya msikiti imeandikishwa kwa jina la nani?" Aliyepiga alikuwa rafiki wa marehemu baba yangu, na wakati ule alikuwa na wadhifa katika serikali ya mtaa. Nikamtajia jina, namba ya simu na siku ya kulipa, waya ungali mkononi. Sikumuuliza anazitakia nini. Nilimwonea muhali.

Muhali ndio mlango mkubwa wa kuvujia taarifa huku kwetu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, na Pemba peke yake 543,441. Katika idadi hiyo, anayeuliza huwa ni ami yako, au alisoma chuoni na ndugu yako, au ndiye aliyesimamia maziko ya mama yako. Ukimkatalia, habari itafika nyumbani kabla yako. Kwa hiyo ninapolinganisha njia za kujibu maombi haya, natizama kwanza njia gani inamtoa fundi katika muhali. Kasi, gharama na usalama wa kisheria navitizama baadaye.

Naandika kwa ajili ya wenye huduma ndogo: anayegawa intaneti nyumba arobaini kule Konde, mwenye nyumba ya wageni Jambiani aliyeweka waifai ya vyumba kumi, kampuni yenye minara miwili na mafundi watano. Kampuni kubwa za simu zina mawakili wa kuwashauri. Nyinyi mna daftari, kompyuta moja na simu inayolia wakati wa magharibi.

Kwa mdomo, kwa kujuana

Sifa ya njia hii ni kwamba ni ya haraka. Dakika mbili na jibu limepatikana, hakuna aliyekasirika, hakuna aliyelipa nauli. Pana nyakati haraka hiyo ni jambo la maana sana, kama mtoto amepotea na simu yake iliwaka mara ya mwisho kwenye waifai ya mtaa fulani. Suala la dharura nitalirudia.

Lakini swali la mdomo haliachi alama. Baada ya wiki hakuna anayeweza kusema nani aliuliza, aliuliza nini hasa, na alijibiwa nini. Nimeyaona matokeo yake kwa macho yangu.

Ramadhani moja, ofisi niliyokuwa nikifanyia kazi ilipigiwa simu kuhusu ujumbe wa kumtukana kiongozi wa eneo, uliotumwa "saa 3 usiku". Fundi wa zamu akaandika 03:00 kwenye mashine. Saa tatu usiku yetu ni 21:00, watu wametoka tarawehe na kila nyumba iko mtandaoni. 03:00 ni saa tisa usiku, wakati wa daku. Juu ya hapo, seva yenyewe ilikuwa imewekwa kwa saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya saa yetu kwa saa tatu, kwa hiyo tukio la 21:00 lilikuwa limeandikwa 18:00. Kosa limepanda juu ya kosa. Jina lililotoka lilikuwa la mama mmoja mjane, ambaye mwanawe alikuwa macho akisoma kwa ajili ya mtihani. Kijana yule aliitwa ofisini siku tatu mfululizo, na mtaa mzima ukajua. Ilipobainika kuwa siye, hakuna aliyemwomba radhi, kwa sababu hapakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha kosa lilianzia wapi.

Na hata kama saa ingeandikwa sawasawa, jibu lingekuwa la kubahatisha. Watoa huduma wengi wadogo hawana anwani ya IP ya hadharani, yaani namba inayoonekana mtandaoni, kwa kila mteja. Anwani moja hubeba nyumba nyingi kwa pamoja, na sisi wakati ule tulikuwa na nyumba zaidi ya arobaini nyuma ya anwani moja. Ili kujua ni nyumba ipi, unahitaji na namba ya poti, yaani ile namba ya ziada inayotenganisha mawasiliano ya wanaotumia anwani moja, na wakati kamili hadi sekunde. Swali la mdomo haliji na namba ya poti. Huja na dhana ambayo muulizaji anayo tayari, na wewe unaombwa kuitilia muhuri.

Njia hii siipendekezi kwa yeyote, hata kwa mwenye wateja kumi.

Agizo la maandishi kutoka polisi

Hapa sheria inaingia, na inafaa kuijua kabla hujaletewa karatasi. Posta na simu ni jambo la Muungano, na polisi vilevile. Kwa hiyo sheria za mawasiliano zinazomhusu mtoa huduma wa Mwanza zinamhusu na wa Micheweni. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, vifungu vya 98 na 99, inakutaka wewe, wafanyakazi wako na mawakala wako mtunze siri ya taarifa za wateja, na inaruhusu kuzitoa pale zinapohitajika na chombo cha kusimamia sheria, mahakama au baraza la kisheria lililoundwa ipasavyo. Kifungu cha 32 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinampa mkuu wa kituo cha polisi, au ofisa wa cheo kinacholingana naye, uwezo wa kutoa agizo la kutaka data kwa ajili ya upelelezi wa jinai. Sheria hiyo inatumika Bara na Zanzibar.

Soma tena cheo kilichotajwa hapo: mkuu wa kituo. Askari aliyekuja na pikipiki peke yake, bila ya karatasi, hajaleta agizo. Mwambie kwa heshima zote, "Afande, karibu sana, naomba agizo lenye saini ya mkuu wako ili na mimi niwe na la kuwaonyesha mabosi wangu." Sijawahi kuona askari aliyegombana na maneno hayo. Wengi hurudi na karatasi kesho yake, na baadhi hawarudi, ambapo unapata kujua kwamba upelelezi wenyewe haukuwepo.

Ukiiweka njia hii ubavuni mwa ile ya kwanza, tofauti inaonekana papo hapo. Karatasi inamlazimisha muulizaji kufikiri: kosa gani, namba gani ya jalada, tarehe gani, saa gani. Inamtoa fundi katika muhali, kwani hata rafiki wa baba yako anaelewa kuwa "kazini wanataka barua". Kesho likitokea kosa, pana pa kuanzia kulitafuta. Kasi nayo haipungui sana, kwa kawaida ni siku moja au mbili.

Upungufu wake ni mkubwa pia, na siwezi kuuficha. Anayeomba na anayeidhinisha wako chini ya paa moja. Hakuna mtu wa tatu anayeuliza kama sababu inatosha. Na idadi ya maombi inaweza kuwa kubwa kupita anavyodhani mteja wa kawaida. Vodafone, kampuni mama ya Vodacom, ilipotoa ripoti yake ya kwanza ya maombi ya serikali, Juni 2014, Tanzania ilikuwa na maombi 98,765 ya taarifa za mawasiliano kwa mtandao huo mmoja tu. Gawanya kwa siku za mwaka, ni zaidi ya 270 kila siku. Haya ni maombi ya kumbukumbu, kama nani kampigia nani, lini na kutoka wapi. Kusikiliza mazungumzo ni jambo jingine.

Amri ya mahakama

Kifungu hichohicho cha 32 kinampa polisi njia ya pili: data isipopatikana kwa agizo lake, aende mahakamani kuomba amri. Kwa mteja hii ndiyo njia bora kuliko zote. Hakimu hana haraka ya kufunga jalada. Anauliza kwa nini, kwa muda gani, kwa nini nyumba hii na siyo ile. Amri inayotoka huwa na mipaka iliyoandikwa, na mpaka ulioandikwa unaweza kuufuata bila ya kukisia.

Pana watu wananiambia basi tukatae kila kitu mpaka ije amri ya mahakama. Naielewa hamu hiyo, lakini mwenye huduma ndogo lazima ajue bei yake. Maxence Melo, mwanzilishi mwenza wa JamiiForums, alikamatwa Desemba 2016 baada ya kukataa kutoa taarifa za watumiaji wa jukwaa lake. Aprili 2020 Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, ilimtia hatiani kwa kuzuia uchunguzi, faini shilingi milioni 3 au kifungo cha mwaka mmoja. Kati ya kukamatwa na hukumu hiyo ilipita miaka zaidi ya mitatu. Alikuwa na mawakili, na jina lake lilijulikana nchi nzima. Mimi namheshimu kwa alichokisimamia. Lakini siwezi kumshauri kijana wa Wete mwenye mkopo wa vifaa aanze kwa kukataa agizo lililokamilika.

Ninachokishauri ni kugawa kwa aina ya taarifa. Jina na anwani ya mteja mmoja, kwa jalada moja lililotajwa, agizo kamili la mkuu wa kituo linatosha kulijibu. Likitakwa zaidi ya hapo, yaani tovuti alizotembelea, saa alizokuwa mtandaoni kwa miezi, au mahali simu yake ilipokuwa, omba kwa maandishi kwamba suala liende mahakamani, na siku hiyohiyo mtafute wakili. Asiyemudu wakili abishe hodi Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar. Kuomba hivyo kwa barua, ukiwa umeshaihifadhi data iliyotajwa isipotee, hakufanani na kukataa.

Kwa nini nazitenga? Kwa sababu kumbukumbu za muda mrefu zinasimulia maisha ya mtu hata kama hakuna neno lake moja lililosomwa. Katika kesi ya Carpenter iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2018, polisi walikuwa wamepata kutoka kampuni za simu nukta 12,898 za mahali alipokuwa mtu mmoja katika siku 127. Wastani ni nukta 101 kwa siku. Majaji wakasema taarifa za namna hiyo zinahitaji hati ya mahakama. Fikiria nukta 101 kwa siku za mtu wa Chake: kliniki aliyokwenda, nyumba aliyolala, msikiti aliosali, mkutano aliohudhuria.

Baraza na sheha wanapotaka orodha

Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa kuwa ombi huja na muhuri na linahusu jambo jema. Tuseme baraza la serikali ya mitaa linataka kujua nyumba zinazopangishwa watalii bila ya leseni, na mtu ana fikra nzuri: intaneti ya kasi katika nyumba ya kijijini ni dalili, basi watoa huduma walete orodha ya wateja wao wote wa Paje na Bwejuu. Kukusanya mapato ni haki ya baraza. Lakini orodha hiyo ina mwalimu wa skuli, mama anayeuza mikoba mtandaoni, na mzee aliyewekewa intaneti na mwanawe wa Oman ili waonane kwa video. Wote wanageuzwa washukiwa kwa kuwa na ruta.

Sheha, kiongozi wa serikali katika shehia, naye ana kazi zake za kisheria, pamoja na kuwajua wakaazi wa shehia yake. Lakini ukisoma vifungu nilivyovitaja hapo juu, humkuti sheha wala diwani. Muhuri wa shehia hautoshi kuitoa siri ya mteja.

Na pana jambo la Kizanzibari hasa ambalo sijaona likizungumzwa vya kutosha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023 na kusimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inatumika Bara na Zanzibar, isipokuwa kwa Zanzibar haigusi mambo yasiyo ya Muungano. Mawasiliano ni ya Muungano. Serikali za mitaa za Zanzibar si za Muungano. Kwa hiyo jina la mteja likiwa kwako lina sheria hiyo inayolisimamia. Likishaingia kwenye jalada la baraza, kwa ninavyoisoma mimi, limevuka mstari, na ulinzi ule haulifuati moja kwa moja. Kinachobaki ni Katiba, ibara ya 15 ya Katiba ya Zanzibar ya 1984 na ya 16 ya Katiba ya Muungano, ambazo zote zinamhakikishia mtu heshima ya maisha yake binafsi na mawasiliano yake. Ni maneno mazito, lakini kuyadai kunahitaji kesi.

Kwa hiyo maombi ya namna hii mimi huyajibu kwa hesabu. Baraza likitaka kujua ukubwa wa huduma, napeleka idadi kwa shehia: Paje wateja kadhaa, Jambiani kadhaa. Shehia ikiwa na wateja wachache sana, naiunganisha na jirani yake ili nyumba isijulikane. Na naongeza mstari mmoja kwamba baraza likiwa na tuhuma juu ya nyumba fulani, polisi wapo na mahakama ipo.

Rafiki wa baba yangu alipiga tena miaka kadhaa baadaye, kwa nyumba nyingine. Nikamwambia, "Shikamoo mzee. Siku hizi kazini kila kitu ni kwa barua, hata mimi sifungui mashine bila ya namba ya barua." Akanyamaza kidogo, akasema haya, ataleta. Tukaulizana hali za nyumbani, tukaagana vizuri. Barua haikuja.

Kuhifadhi kingi au kidogo

Fundi mmoja ninayemjua anahifadhi kila kitu kwa miaka, "huenda kikahitajika". Mwingine hufuta kila wiki. Wa kwanza ana kabati ambalo yeyote mwenye agizo, au mwizi, au mfanyakazi aliyeondoka kwa hasira, atalikuta limejaa. Wa pili hawezi hata kutatua malalamiko ya bili. Masharti ya leseni yako yatakwambia kipi ni lazima ukitunze, na hicho kitunze. Vilivyobaki viwekee siku ya kufa. Umoja wa Ulaya uliwahi kuzitaka kampuni zihifadhi kumbukumbu za mawasiliano za kila mtu kwa miezi 6 hadi 24, na tarehe 8 Aprili 2014 mahakama yao ya juu ikayafuta maelekezo hayo kwa kuwa yaliingilia maisha ya watu kupita kiasi.

Kama unagawa intaneti bila ya leseni, lishughulikie hilo kwanza. Asiye na leseni hana ubavu wa kumwambia mtu "lete barua", kwa sababu mwenzake anajua pa kumshika.

Kumwambia mteja au kunyamaza

Sheria ya televisheni ya kebo ya Marekani ya mwaka 1984 ilipoandikwa, ilitaka mteja apewe nafasi ya kufika mahakamani na kupinga kabla serikali haijapewa taarifa zake. Natamani tungekuwa na kitu kama hicho. Kwa sasa nafuata hivi: agizo likisema wazi kuwa ni siri, nanyamaza. Lisiposema, namuuliza mkuu wa kituo kwa maandishi kama naweza kumjulisha mteja. Ombi la baraza au sheha ambalo halikujibiwa kwa majina, mteja namwambia, maana ni haki yake kujua kuwa aliulizwa.

Dharura nayo ina utaratibu wake. Maisha yakiwa hatarini, polisi akapiga simu, kata simu na upige wewe namba ya kituo unayoijua, uhakikishe ni yeye. Toa kile kitu kimoja kinachohitajika kumpata mtu, uandike saa na jina la aliyeomba, na udai agizo lifike ndani ya siku moja.

Kama wewe ni mteja na unachagua mtoa huduma, bei na kasi utaviona kwenye tangazo. Siku ya kusaini mkataba muulize mambo matatu: nani katika ofisi yenu anaruhusiwa kutoa jina langu, kumbukumbu zangu mnazifuta baada ya muda gani, na mna daftari la maombi mnayopokea? Akikujibu kwa jina la mtu, kwa idadi ya siku, na akakuonyesha hata jalada la daftari, huyo amekwishakaa na wafanyakazi wake wakalizungumza. Akicheka na kusema "hapa sote tunajuana, usiwe na wasiwasi", mshukuru na uende duka la pili.